FUNDI NA KAZI YAKE: Kabla hujanunua mashine iliyotumika



Ukipita Keko, wilayani Temeke, utaona vitanda, makabati na viti vimepangwa kando ya barabara. Nyuma yake utasikia kelele za mashine. Ukienda Mbagala, au Tegeta wilayani Kinondoni, mafundi nao wanazitaka mashine hizo.

Mashine inayotamaniwa sana ni ile yenye kazi nyingi. Mashine hiyo moja hupasua mbao, huranda, husawazisha unene na hutoboa matundu ya ulimi. Mpya ni ghali. Kwa hiyo mafundi wengi hutafuta iliyotumika. Baadhi ya mashine hizo huja kwa meli kutoka Ulaya.

Je, ununue? Usijibu haraka. Chukua kalamu na daftari kwanza.

Tufanye hesabu

Huu ni mfano tu. Fundi mmoja hana mashine. Hupeleka mbao zake kwa jirani na kulipa. Kwa mwezi hulipa shilingi 240,000. Ameona mashine iliyotumika ya shilingi 6,000,000. Gari la kuibeba na nyaya za umeme ni shilingi 900,000. Jumla ni shilingi 6,900,000.

Akiwa na mashine yake hatamlipa jirani. Lakini atalipa umeme, visu, kunoa na mikanda. Tuseme ni shilingi 110,000 kwa mwezi. Toa 110,000 katika 240,000. Inabaki 130,000. Sasa gawanya 6,900,000 kwa 130,000. Utapata miezi 53. Hiyo ni zaidi ya miaka minne kabla fedha yake haijarudi!

Sasa mafundi watatu wa namna hiyo wakiungana, wanaokoa shilingi 720,000 kwa mwezi. Mashine ikifanya kazi zaidi, gharama nazo hupanda. Tuseme zinafika 220,000. Inabaki 500,000. Fedha itarudi kwa miezi 14 hivi.

Umeona tofauti? Mashine ni ile ile. Kilichozidi ni kazi. Mashine haileti wateja. Mashine hula kazi uliyo nayo.

Lakini kumbukeni: mashine ya namna hii mara nyingi hufanya kazi moja kwa wakati mmoja. Mmoja akiranda, mwingine husubiri kupasua. Kubadili kutoka kazi moja kwenda nyingine nako huchukua muda. Wagawaneni siku, na muandike makubaliano.

Umeme wako ni upi?

Soma kibao kilichopo kwenye mota. Umeme wa TANESCO wa fezi moja ni volti 230. Wa fezi tatu ni volti 400. Mizunguko yake ni 50 kwa sekunde. Mashine za Ulaya hutumia umeme wa namna hiyo. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 na mizunguko 60 haifai kuchomekwa hivi hivi. Na kama mota inataka fezi tatu, nawe una fezi moja, ulizia kwanza gharama ya kuvutiwa laini.

Kagua mwenyewe

1. Chomoa umeme. Zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza au kuchezacheza, huenda beringi zimekwisha.
2. Weka rula ndefu ya chuma juu ya meza. Ukiona mwanga chini ya rula, meza imepinda. Meza iliyopinda haiwezi kunyoosha mbao.
3. Tafuta nyufa. Tazama sana palipochomelewa au kupakwa rangi mpya.
4. Nenda na ubao wako mgumu, kama mninga au mkongo. Mwambie muuzaji auchane na kuuranda mbele yako. Kisha pima unene kila upande. Vipimo viwe sawa.
5. Ulizia visu, mikanda na beringi katika maduka ya Gerezani kabla ya kulipa. Mashine isiyo na vipuri ni chuma chakavu.

Vidole havina vipuri

Kinga za msumeno na za visu ziwepo zote. Muuzaji akisema kinga zimepotea, usizichukulie kama kitu kidogo. Msumeno usio na kinga hukata mbao na hukata vidole. Jifunike pua na mdomo pia. Mwaka 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilieleza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani.

Ukiamua kununua, dai risiti yenye namba ya mashine. Usilipe kwa maneno matupu. Kama fedha haitoshi, ulizia SIDO. Shirika hilo liliundwa mwaka 1973, na hutoa ushauri na mikopo kwa wenye viwanda vidogo.

Na kama hesabu imekataa, usione haya. Endelea kulipia kwa jirani, huku ukitafuta wateja. Fundi mwenye randa ya mkono na asiye na deni hulala usingizi.

Jadilianeni

1. Kwa mwezi mmoja unalipa kiasi gani kwa mwenye mashine?
2. Fedha ya mashine itarudi baada ya miezi mingapi?
3. Ni nani mnayeweza kushirikiana naye, na mtagawana siku vipi?