Karatasi za chooni si kipimo cha usafi

Kwenye takwimu za forodha, karatasi za chooni, tishu na karatasi za kufutia mikono mezani huwekwa fungu moja, namba 4818. Ukilinganisha Maldivi na Bangladesh kwa fungu hilo, usiharakishe kusema nani msafi zaidi.

Maldivi ina wakazi wapatao 500,000, na karibu kila bidhaa huletwa kutoka nje. Mwaka 2024 ilipokea watalii zaidi ya milioni 2, na kila chumba cha hoteli huhitaji karatasi. Bangladesh ina watu zaidi ya milioni 160, lakini ina viwanda vyake vya tishu, na zinazotengenezwa humo hazionekani kwenye hesabu ya uagizaji. Isitoshe, wenyeji wengi wa nchi zote mbili huchamba kwa maji, kama ilivyo desturi yetu Pwani.

Takwimu hizo, basi, zinaeleza biashara, si afya. Utumie karatasi au maji, vijidudu vya kuhara huweza kubaki mikononi. Kinga ni kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kila utokapo chooni na kabla ya kushika chakula. Leo kagua choo cha nyumbani kwako na cha shule ya mwanao. Je, sabuni ipo?