Kujikana si Kuacha Nyama Tu

Wako Wakristu wanaojisifu kwamba wamejikana, maana wakati wa Kwaresima hawali nyama. Hata mbuzi hali nyama, wala hakuna aliyemwita mfuasi wa Kristu!

Tarehe 1 Desemba 1964, kule Isiro, Sista Anuarite Nengapeta alimsamehe Kanali Olombe, mwuaji wake. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri, akamsamehe mwuaji huyo kwa jina la Kanisa lote. Sisi wa Kisangani twavaa kitenge chenye sura yake. Lakini tangu 2023 Wambole na Walengola wameuana kwa ajili ya ardhi, na kati yao wamo waliobatizwa. Kisasi ndiyo mali tunayoishika kuliko zote. Na mkimbizi akibisha hodi, neno letu la kwanza ni hili: wewe wa kabila gani?