Kifafa cha mimba: kipimo kipya cha damu kipo, lakini presha ya mama nani anaipima?

Mama ana mimba ya miezi saba. Uso na mikono vimevimba, kichwa kinamuuma hakiachi, macho yanaona vimulimuli. Nyumbani wanasema ni uchovu, jirani anasema amerogwa. Usiku anakakamaa, anatetemeka na kupoteza fahamu. Wasikilizaji wetu wengi wanaijua hali hii kwa jina lake: kifafa cha mimba.

Siku hizi kuna kipimo cha damu kinachosaidia kuutambua ugonjwa huu kabla haujafika huko. Mwaka 2022 Uingereza ilipendekeza kitumike katika hospitali zake kwa wajawazito wanaoshukiwa kuwa na tatizo hilo. Mei 2023 Marekani nayo iliruhusu kipimo cha aina hiyo. Je, kina maana gani kwa mama anayehudhuria kliniki kwenye zahanati ya kijiji?

Kwanza tueleze kinachopimwa. Mtoto tumboni hulishwa kupitia kondo la nyuma, na kondo huhitaji damu nyingi kutoka kwa mama. Kondo hutengeneza protini iitwayo PlGF, ambayo husaidia mishipa ya damu kukua na kubaki na afya. Maelekezo ya kuitengeneza yamo katika jeni moja ya binadamu, na watafiti wa Napoli, Italia, wakiongozwa na Maria Graziella Persico, waliitambua mwaka 1991.

Kondo lisipopata damu ya kutosha, humwaga kwa wingi protini nyingine iitwayo sFlt-1. Hii huinasa PlGF ndani ya damu kabla haijafika kwenye mishipa. Ni kama maji ya mfereji yanayozibwa njiani: chanzo kipo, lakini shamba linakauka. Mwaka 2003 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kuwa panya wenye mimba waliozidishiwa sFlt-1 walipanda presha na kutoa protini kwenye mkojo, dalili zile zile tunazoziona kwa akina mama.

Kwa hiyo PlGF ikiwa chini sana, daktari anajua hatari iko karibu. Utafiti uliofanywa katika hospitali 11 za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019 ulihusisha wanawake zaidi ya 1,000. Kipimo kilipotumika, muda wa kuutambua ugonjwa ulipungua kutoka siku 4 hadi siku 2 hivi. Kwa ugonjwa unaoweza kugeuka usiku mmoja, siku mbili ni nyingi.

Hata hivyo, wanawake hao walikuwa tayari wamefika hospitali, presha zao zimepimwa, na mtu ameshaingiwa na shaka. Kipimo cha PlGF kinaanzia hapo. Kwetu mnyororo hukatika mapema zaidi: mashine ya presha imeharibika au haina betri, vijiti vya kupimia mkojo vimekwisha, au mama ameanza kliniki mimba ikiwa kubwa. Kipimo kipya kikiletwa leo katika hospitali kubwa, mama ambaye hajawahi kupimwa presha hatakifikia.

Ndiyo maana tunaona kwamba kukitamani kipimo hiki si kosa, na serikali zetu zinapaswa kukiulizia bei yake kwa ajili ya hospitali za rufaa. Lakini kisije kikachukua nafasi ya vitu vya bei nafuu ambavyo tayari vinajulikana kuokoa maisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonwe na mhudumu wa afya angalau mara 8. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki 20 za mimba, mama anatakiwa kuchunguzwa zaidi. Wale walio katika hatari kubwa, mfano waliowahi kupata ugonjwa huu, daktari anaweza kuwaandikia aspirini ya dozi ndogo mapema katika mimba. Asiinunue mama mwenyewe dukani.

Ipo pia sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa dawa hii hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Ni dawa ya zamani na haina gharama kubwa. Swali la kuuliza ni kama ipo kwenye kabati la kituo chako, na kama yupo anayejua kuichoma. Tiba kamili ya ugonjwa wenyewe ni mama kujifungua, na kazi ya wahudumu ni kuchagua wakati unaofaa kwa mama na mtoto.

Basi wewe unayetusoma kwenye simu, ukiwa mjamzito, mume, mama mkwe au dada, shika mambo haya. Kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla: usisubiri asubuhi, nenda kituoni. Dalili hizo ni za hatari hata baada ya kujifungua, hasa wiki ya kwanza.

Na leo jioni fungua kadi ya kliniki, mtazame pamoja. Tafuta mahali pa presha na mahali pa mkojo. Kama nafasi hizo ziko wazi, hudhurio lijalo ulizeni kwa heshima: "Muuguzi, presha hatujapimwa?" Na kama jibu ni kwamba mashine haipo, lipelekeni kwenye kamati ya zahanati na kwa diwani wenu. Hilo halisubiri kipimo kutoka ng'ambo.