Wakazi wa Kigoma wapima maji ya Ziwa Tanganyika

Mkoani Kigoma, magharibi mwa Tanzania, wakazi waliopewa mafunzo wamekuwa wakijitolea kupima maji ya kando ya Ziwa Tanganyika. Vifaa vyao ni vyepesi: vichupa vyenye dawa inayobadilika rangi kufuatana na kiasi cha naitreti au fosfeti, na bomba refu la kupimia tope. Rangi hulinganishwa na kadi, jibu likaandikwa.

Je, vipimo vya mtu asiye na maabara vinaaminika? Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na wanasayansi wa Tanzania na wenzao wa nje ulithibitisha kwamba takwimu za wakazi hao zinaonyesha kwa usahihi mwenendo wa uchafuzi ufukweni. Jibu hilo lina uzito, kwani naitreti na fosfeti hutoka kwenye mbolea, samadi, vyoo na maji ya kufulia, na mvua moja kubwa yatosha kuzishusha ziwani. Mtaalamu afikaye mara chache kwa mwaka huenda asiikute siku hiyo. Mkazi yupo.

Virutubisho hivyo vikizidi, mwani hustawi kupita kiasi na kuharibu maji palepale watu wanapochota na samaki wengi wanapozaliana. Ajabu ni kwamba katikati ya ziwa, lenye kina cha takriban mita 1,470, mambo ni kinyume. Utafiti wa mwaka 2003 ulieleza kuwa joto limepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, ambako akiba ya virutubisho imelala. Mwani ambao ndio msingi wa chakula cha ndagala ukapungua kwa takriban asilimia 20. Ziwa lina njaa katikati, na kandoni limevimbiwa.

Kwa Burundi, habari hii si ya mbali. Bujumbura hunywa maji ya ziwa hilo hilo, na ndiko yaliko makao ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 na Burundi, Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mkataba huo unazitaka nchi hizo nne kupashana habari za hali ya ziwa, na vipimo vya ufukweni ni sehemu ya habari hizo.

Hata hivyo, kujitolea si bure. Kila kichupa hutumika mara moja, nacho hununuliwa. Mradi ukikoma, mfululizo wa takwimu hukatika. Tena kupima hakuzibi mfereji wa maji machafu. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, lakini anayeweza kuisimamia ni halmashauri, si mwenye kichupa. Ndiyo yenye uwezo wa kuamua maji taka yaelekezwe wapi na shamba lipi lisogezwe, endapo namba zile zitafika mezani pake.