Baridi Yabisi Haingoji Mvi

Baridi yabisi ya utotoni ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Kinga, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huugeukia utando laini unaovika kiungo kwa ndani. Utando huvimba, hujaza maji kiungoni, na usipotulizwa hula gegedu na hatimaye mfupa. Madaktari hulitumia jina hili pale uvimbe unapoanza kabla ya mtoto kutimiza miaka 16, ukadumu wiki 6 au zaidi, na chanzo kingine kisipatikane. Wapo wanaoanza kuumwa wakiwa na mwaka mmoja na nusu, kabla hawajajua hata kutamka neno "goti". Pamoja na hayo, kuanzia barazani hadi dirisha la dawa, na wakati mwingine ndani ya chumba cha daktari, kauli ni ile ile: baridi yabisi ni ya wazee, mtoto ataipata wapi?

Kauli hiyo ni uongo, tena uongo uliochakaa. Mwaka 1897 George Frederic Still, daktari wa watoto wa London, alichapisha makala iliyoeleza watoto 22 wenye ugonjwa sugu wa viungo. Wala si ugonjwa wa Ulaya peke yake: mwaka 2020 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili walichapisha uchambuzi wa magonjwa ya jamii hii kwa watoto waliotibiwa hapo. Katika nchi ambako hesabu zimefanywa, kadirio linalotajwa mara nyingi ni mtoto mmoja katika kila 1,000. Kwa kadirio hilo, mji wenye watoto 50,000 una watoto wapatao 50 wa namna hii, na wazazi wao wanapishana sokoni bila kujuana.

Jina lenyewe linabeba sehemu ya kosa. "Yabisi" ni ukavu na ugumu, na hapo jina limepatia, maana mtoto huamka amekakamaa. Tatizo ni hiyo "baridi". Neno hilo limewasadikisha watu kwamba ugonjwa huingia kwa sakafu ya saruji, maji ya kisima au upepo wa alfajiri. Baridi huweza kumwongezea maumivu mtoto ambaye tayari anaumwa, lakini haiuanzishi ugonjwa. Ila watu wakishaamini kwamba inauanzisha, hutafutwa aliyemwacha mtoto apigwe na baridi, naye hapatikani mbali. Ni mama. Alimwogesha maji ya baridi, alimlaza chini, hakumvisha soksi. Mama mkwe husema, wifi huongeza, jirani huthibitisha. Nyumba isiyolaumu baridi hulaumu mkono wa mtu, na kama mtoto alianguka juma lile, dada wa kazi ndiye hujibu mashtaka. Imani inayoonekana kuwa kosa dogo la elimu ya afya kwa kweli ni chombo cha kugawa lawama, na ndiyo maana haifi kwa mabango ya ukutani.

Kuna jambo jingine linaloipa nguvu. Ugonjwa huu una saa zake. Saa kumi na mbili asubuhi goti limekaza, mtoto hubebwa hadi chooni, kijiko kinamshinda kushika. Ifikapo saa nne amelainika. Mchana anacheza, pengine kwa kuchechemea kidogo tu. Daktari humwona saa tano, baada ya foleni. Mwalimu humwona akirukaruka wakati wa mapumziko, na ni mwalimu huyo huyo aliyemwadhibu kwa kuchelewa mstarini. Baba aliyetoka alfajiri na kurudi magharibi hukuta mtoto mzima, akasema anadeka. Shahidi wa ugonjwa ni mmoja tu, aliyekuwapo asubuhi, na ushahidi wake hautiliwi maanani kwa kuwa yeye ndiye mshtakiwa.

Hapo ndipo mzazi mwenziwe, mwenye mtoto kama huyo, anapokuwa na thamani ambayo dawa haina. Aliyeyapitia husikia sentensi mbili tu akajua kinachosimuliwa. Ndiye humwambia mwenzake ampige mtoto picha ya video kwa simu anaposhuka kitandani, siku tatu mfululizo, ahesabu dakika za kukakamaa, aandike kiungo kipi kilivimba na tangu lini, kisha ampelekee daktari vyote hivyo badala ya kuingia na maneno matupu. Daktari asiyemwona mtoto alfajiri huiona alfajiri kwenye simu. Ni ujanja mdogo usiogharimu chochote, na mara nyingi haufundishwi na mtu mwingine.

Ndiye pia hubainisha yale yanayochanganywa. Maumivu ya kukua, kisingizio kinachopendwa na kila mtu, huja jioni au usiku, hushika miguu yote miwili, asubuhi yameisha, hayaleti uvimbe wala kuchechemea. Baridi yabisi hufuata ratiba ya kinyume. Kutenganisha mengine ni kazi ya daktari, na mzazi mwenye busara huishia hapo: selimundu, kifua kikuu cha mifupa, saratani ya damu, na homa ya rumatiki inayohama kutoka kiungo hadi kiungo na kuacha kovu kwenye moyo. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla pamoja na homa kali ni cha kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo haungoji miadi. Lakini wapo watoto waliodhaniwa kuwa na homa ya rumatiki, wakachomwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa muda mrefu, goti likiwa limevimba vile vile, kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba baridi yabisi inaweza kuwa ya mtoto.

Haki itendeke kwa bibi. Anayemkanda mjukuu kwa maji ya moto hajakosea kabisa: joto hulainisha kiungo, na kuoga maji ya uvuguvugu asubuhi ni ushauri ambao hata mtaalamu wa viungo hutoa. Kosa huanza pale kukanda kunapochukua nafasi ya matibabu, au kuchua kwa nguvu kunapofanywa juu ya kiungo chenye moto na uvimbe, au unapoletwa wembe wa chale. Miezi inayopotea hapo hulipwa kwa gharama. Goti likivimba muda mrefu, mfupa wa upande huo huweza kukua haraka kuliko wa pili na mguu ukawa mrefu. Taya likishikwa, kidevu hubaki kidogo. Kibaya zaidi ni jicho. Kwa baadhi ya watoto hawa, hasa wadogo wenye viungo vichache vilivyovimba, jicho huwaka moto ndani kwa ndani bila wekundu wala maumivu, hadi uoni upungue. Walio katika hatari kubwa hupaswa kukaguliwa kwa mashine maalumu kila miezi 3, hata kama wanasoma ubao vizuri. Mzazi aliyeambiwa "macho hayana shida" hukatiza kliniki hiyo kwanza. Mwenzake ambaye mwanawe alipoteza uoni ndiye pekee awezaye kumrudisha, na hahitaji kusema mengi.

Tiba ipo, na ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini wazazi hawa wasiachwe kila mmoja na lwake. Dawa ya msingi, methotreksati, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Humezwa au huchomwa mara moja kwa wiki. Ikitolewa kila siku kwa makosa huweza kuua, kwa hiyo familia zenye uzoefu huipa siku yake, Ijumaa kwa mfano, na kuiandika kwenye kalenda ya jikoni. Kisha hutokea muuza dawa anayesoma cheti na kushtuka: hii si dawa ya saratani? Ni kweli, kwa dozi kubwa mno hutibu saratani, na kwa dozi ndogo hutuliza kinga. Mama asiye na wa kumuuliza huirudisha dawa siku hiyo. Anayesubiri naye hukata tamaa wiki ya tatu, kwani nafuu huweza kuchukua miezi 2 au 3. Baadaye mtoto huanza kutapika kwa kukiona tu kidonge chake cha manjano, na nyumba nzima huogopa Ijumaa. Kuna njia za kupunguza adha hiyo, kuanzia vidonge vya foliki hadi kumpa dawa jioni kabla ya kulala, na daktari huzijua. Ila daktari ana dakika kumi, na mzazi mwenziwe ana jioni nzima.

Prednisoloni, dawa nyingine ya ugonjwa huu, ina mtego wake. Hutuliza uvimbe haraka, hujaza mashavu, na majirani hupongeza: mtoto kanawiri, amepona. Mzazi husikia "amepona" na kuacha dawa ghafla, jambo la hatari, kwa kuwa mwili uliozoea dawa hiyo huwa umeacha kujitengenezea homoni yake na hupunguziwa hatua kwa hatua. Sifa ya jirani ina madhara kuliko kejeli yake.

Wapo wanaosema vikundi vya wazazi ni viwanda vya uvumi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kikundi kisicho na utaratibu hugeuka soko la mitishamba, na mtu hugawa vidonge vilivyobaki kama anayegawa chumvi. Dozi ya mtoto hupimwa kwa mwili wake na kwa vipimo vya damu yake, na mwenye kumpa mwingine dawa za mwanawe anacheza na maisha. Lakini hoja hiyo husahau kwamba uvumi ulikuwapo kabla ya kikundi. Barazani unasemwa na watu ambao hawajamlea mtoto kama huyo hata siku moja, na hakuna wa kuwapinga. Kikundi chenye muuguzi au daktari anayepita mara kwa mara, na kanuni moja kwamba dozi haijadiliwi, huwa mahali ambapo uvumi hupata wa kuubishia. Wazazi wa watoto wenye selimundu wameshaipita njia hii, wakakutana kwenye mabenchi ya kliniki na kugeuza ugonjwa wa kunong'onwa kuwa jambo la kudaiwa hadharani. Wa baridi yabisi hawajafika hapo kwa sababu bado wanaambiwa ugonjwa wa watoto wao haupo.

Msaada wa kwanza, hata hivyo, uko chumbani. Baba anayesema mtoto anadeka hubadilika akikaa kliniki asubuhi moja na kuona maji yakivutwa gotini kwa bomba la sindano. Akishika kazi moja yenye jina, iwe sindano ya Ijumaa au mazoezi ya jioni, lawama hupungua kwa kuwa naye sasa ni shahidi. Baba mwingine humshawishi haraka kuliko mkewe, jambo linaloudhi lakini lenye manufaa.

Shuleni, mzazi mmoja akilalamika huonekana msumbufu. Wakienda watatu huwa ujumbe. Madai yao si makubwa: mtoto akae benchi si sakafuni, asichapwe kwa kuchelewa, aongezewe muda wa kuandika vidole vinapovimba, apatiwe choo cha kukalia kwa sababu magoti yake hayachuchumai. Asizuiwe michezo. Kuogelea na baiskeli humfaa, na kwa watoto wa pwani bahari ni mazoezi ya bure.

Wengi hupata nafuu ya miaka, wengine ugonjwa hulala kabisa, na wengine huingia nao utu uzima. Hawa wa mwisho huhamishiwa kliniki ya wakubwa wakiwa na miaka 18 hivi, faili nene kwapani. Kijana huketi benchi moja na wazee wenye mikongojo, na kabla hajaitwa, mmoja wao humgeukia na kumuuliza amemsindikiza nani.