TAHARIRI: Mtafiti naye apewe cheti chepesi mpakani

Anayefika Busia alfajiri, kabla foleni ya malori haijaanza kusogea, huwakuta madereva wamechutama kando ya barabara, katikati yao kipande cha ubao chenye miraba 64. Kete ni vizibo vya soda: vya mmoja vimelala kifudifudi, vya mwenzake chali. Watazamaji wanapiga kelele kuliko wachezaji, na mpita njia asiyejua kitu naye hakosi ushauri. Hiyo ni drafti, mchezo wa kusubiria karatasi. Wengi wenu mnaovusha mizigo mliujulia hapo hapo, forodha ikiwa bado haijafungua dirisha.

Tunaanzia kwenye ubao huo kwa sababu ni mmoja wa milango ambayo akili mnemba ilipitia hadi ikaingia katika simu zenu. (Wenzetu wa Kenya huiita akili unde. Hata jina lenyewe bado linasubiri kuvuka mpaka.) Mlango huo haukufunguliwa na kampuni kubwa yenye fedha nyingi. Ulifunguliwa na walimu wa chuo kikuu na wanafunzi wa shahada ya uzamivu walioachwa wahangaike na michezo miaka mingi bila kuulizwa kila Jumatatu wameleta faida gani.

Mwaka 1989 Jonathan Schaeffer, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Alberta kilichoko Edmonton, Kanada, alianza na wenzake kuunda programu ya kucheza drafti, wakaiita Chinook. Mwaka 1992 programu hiyo ilikutana na Marion Tinsley, mwalimu wa hesabu wa Marekani ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia, ikafungwa. Mwaka 1994 walirudiana. Michezo sita ilikwisha sare, kisha Tinsley akajitoa kwa ugonjwa, na mwaka uliofuata akafariki dunia. Hapo mtu mwingine angefunga kazi. Schaeffer aliendelea kuziachia kompyuta zipige hesabu hadi mwaka 2007, alipotangaza katika jarida la Science kwamba drafti imemalizwa: wachezaji wawili wasiokosea hata mara moja watatoka sare daima. Idadi ya mikao inayowezekana kwenye ubao ule ni kama tarakimu 5 ikifuatwa na sifuri 20. Miaka 18 ilitumika kwa mchezo ambao sisi tunauchezea vizibo.

Madereva wa Busia wasivunjike moyo lakini. Drafti iliyomalizwa ni ile ya Kiingereza, ambayo kingi wake husogea hatua moja moja. Kingi wetu huruka ubao mzima, kwa hiyo hesabu ile haikumgusa.

Katika idara hiyo hiyo ya Alberta aliingia mwaka 2004 kijana Mwingereza, David Silver. Kabla ya hapo, mwaka 1998, alikuwa ameanzisha London kampuni ya kutengeneza michezo ya video pamoja na rafiki yake Demis Hassabis. Aliiacha biashara akarudi darasani, na tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2009 ilihusu namna ya kuifundisha kompyuta mchezo wa Go, ambao wakati huo ulikuwa ukizishinda mashine zote. Hassabis naye, ambaye akiwa kijana mdogo alishiriki kutengeneza gemu ya Theme Park, alikwenda Chuo Kikuu cha London, UCL, akapata uzamivu kwa kuchunguza kumbukumbu katika ubongo wa binadamu. Walipokutana tena katika kampuni ya DeepMind walitengeneza AlphaGo, iliyomshinda Lee Sedol wa Korea Kusini michezo minne kwa mmoja mjini Seoul, Machi 2016. Mwaka 2024 Hassabis alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia, kwa programu inayokisia umbo la protini za mwilini. Mzazi anayemfukuza mwanawe kwenye gemu kwa fimbo asisome aya hii kama ruhusa. Tunachosema ni kwamba mchezo, ukipata mtu wa kuuchunguza kwa utulivu, huzaa vitu ambavyo havikuonekana mwanzoni.

Kuna kiungo kingine kinachotuhusu zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa OpenAI na DeepMind walichapisha mbinu hii: mashine inacheza gemu za zamani za Atari, mtu anaonyeshwa vipande viwili vifupi vya mchezo huo, anachagua kilicho bora, na mashine inajifunza kutokana na chaguo lake. Mbinu ya namna hiyo ndiyo iliyotumika baadaye kuzifunza programu zinazojibu maswali kwenye simu. Mtu wa kuchagua, basi, ni sehemu ya mtambo. Watu wetu wamekwisha kuingizwa katika kazi za aina hii. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi nchini Kenya walisoma na kuyawekea alama maandishi ya ukatili na udhalilishaji, ili ChatGPT iweze kuyaepuka, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa.

Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kufafanuliwa hapo. Anaijua tofauti ya mbeba gunia na mwenye gunia.

Mwenye gunia, katika biashara hii, ni yule mwenye ujuzi wa kubuni swali, na ujuzi huo hupatikana zaidi katika masomo ya uzamivu. Ndiyo maana inatuuma kidogo kukumbuka kwamba miongoni mwa tasnifu zilizochunguza kwa kina akili ya wachezaji wa bao, bao letu lenye mashimo 32 na kete 64, imo ile ya Alexander de Voogt, aliyoitetea Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mwaka 1995. Hatumlaumu, tunamshukuru. Alikwenda Zanzibar kwa mafundi wenyewe, akachunguza wanavyoweza kuona mbele mtaji utakavyozunguka kabla mkono haujagusa kete. Swali letu ni dogo tu: mwanafunzi wa Mbale au Bukoba anayetaka kufanya kazi ya namna hiyo leo katika nchi jirani, tumemwekea njia gani?

Tuchukue mfano ulio karibu nanyi. Pande zote mbili za Busia kuna vibanda vya gemu. Televisheni mbili tatu, PlayStation iliyokwisha kutumika kwingine, benchi, na vijana wanaolipa kwa mechi; anayefungwa anapisha. Baadhi yenu ndio mnaovusha hizo mashine na pedi zake kutoka Kampala au Nairobi. Wengine ni wazazi ambao, mkiwa safarini siku nne, mtoto anashinda humo. Kibanda kina sheria zake: nani anakaa, nani anakopeshwa mechi, nani anawaamua wanaogombana, na Kiswahili, Kiganda, Kiluhya na Kiingereza vinachanganywa vipi mtu akifungwa goli. Kina pia hatari zake. Mara kwa mara watu wazima hukichanganya kibanda cha gemu na mashine za kubahatisha za sarafu, zile ambazo Watanzania huziita dubwi, na amri ikitoka hufagia vyote viwili kwa fagio moja. Mwenye kibanda anafungiwa, mwenye dubwi anahamia mtaa wa nyuma.

Mtu wa kutueleza kinachoendelea humo ni yule atakayekaa mwaka mzima kwenye benchi, pande zote mbili, akiandika. Huyo ndiye mwanafunzi wa uzamivu. Tazama sasa safari yake. Upande wa Kenya anatakiwa kupitishwa na kamati ya maadili ya utafiti, kisha apate leseni ya NACOSTI. Akivuka geti, hatua mia chache, anaanza upya: kamati ya maadili ya Uganda, kisha kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Utafiti ni ule ule, maswali ni yale yale, na pengine kijana anayehojiwa ni yule yule, maana asubuhi hucheza upande huu na jioni upande ule. Akitaka kulinganisha na Namanga au Mutukula, aongeze COSTECH ya Tanzania. Mwanafunzi mwenye ufadhili wa miaka mitatu akifika hapo hufanya hesabu ya haraka, akachagua upande mmoja, na mpaka wenyewe unabaki bila mtafiti.

Wakati huo huo viongozi wetu wamekwisha kusema maneno mazuri. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, ikiahidi watu na huduma zitembee. Mei 2017, mjini Dar es Salaam, wakuu wa nchi waliitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu lenye makao yake Kampala likapewa kazi ya kulisimamia. Tangazo hilo bado halijafika kwenye meza ya kibali cha utafiti.

Uwezo tunao. Mkutano mkubwa wa kimataifa wa akili mnemba ujulikanao kama ICLR ulifanyika Kigali Mei 2023. Deep Learning Indaba, mkusanyiko wa Waafrika wenye fani hii ulioanzia Johannesburg mwaka 2017, ulifika Nairobi mwaka 2019 na Kigali mwaka 2025, na una tuzo yake ya tasnifu bora ya uzamivu. Mwaka 2018 watafiti wengi Waafrika walinyimwa viza ya kwenda kwenye mkutano wa fani hii Montreal, Kanada, na tulilalamika, kwa haki. Lakini Kanada iko mbali. Busia iko hapa.

Tunajua majibu ya maofisini. Watasema vibali vinawalinda wanaochunguzwa, hasa watoto, na kwamba taarifa za raia haziwezi kubebwa tu kama ndizi. Ni kweli, na mtafiti anayekaa na watoto kwenye kibanda cha gemu, akiwarekodi sauti ili ifunzwe mashine, anastahili kuulizwa maswali magumu. Tunachodai ni aulizwe mara moja. Forodha nayo ilikuwa na sababu zake za kudai makaratasi mengi. Hata hivyo ilikubali kwamba mama mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizomo kwenye orodha ya pamoja, ajaze cheti chepesi cha uasili hapo hapo mpakani bila wakala. Ukaguzi haukufutwa. Kilichofutwa ni kukaguliwa kana kwamba umetoka sayari nyingine.

Mwanafunzi wa uzamivu wa chuo kinachotambuliwa katika nchi mwanachama, aliyepitishwa na kamati ya maadili ya nchi moja, apewe fomu moja nyepesi inayotambuliwa na nchi ya pili, kwa utafiti unaofanyika katika miji ya mpakani. Tume na mabaraza ya sayansi yaweke orodha ya pamoja ya yale yasiyoruhusiwa, kama forodha walivyofanya. Sauti na picha za watoto ziwe juu kabisa kwenye orodha hiyo. Na nakala ya tasnifu, au walau muhtasari wake kwa Kiswahili, irudi kwenye ofisi ya mji ambako wenye vibanda na wazazi wataweza kuisoma.

Hili halihitaji kusubiri mkutano wa wakuu wa nchi. Vyama vyenu vya wafanyabiashara vina sauti kwenye vikao vya mpakani, na ni nyinyi mliolipigania lile jambo la cheti chepesi hadi likakubaliwa. Kikao kijacho cha Busia kikiandaa ajenda, liongezwe hili, hata likiwa la mwisho, baada ya lile la choo cha abiria.