Magofu ya Roma yakifungwa, tuachieni hata tundu la kuchungulia

Kuna lalamiko ambalo halikosi mitandaoni kila msimu wa likizo. Mtu amejinyima mwaka mzima, amelipa ada ya viza ya Schengen (yuro 90, na hazirudi hata ukinyimwa), amepanda ndege mpaka Italia, kisha anafika kwenye gofu aliloliota tangu shule ya msingi na kukuta uzio wa mabati. Limefungwa kwa ukarabati. Picha ya uzio inapostiwa, chini yake matusi.

Hasira hiyo naielewa. Mtu wa Milan atarudi mwezi ujao kwa treni. Sisi wenye pasipoti ya Kenya, safari kama hiyo huenda ikawa ya kwanza na ya mwisho. Lakini wasee, tuambiane ukweli: hao watu wa mjengo tunaowatukana ndio sababu bado kuna kitu cha kuonwa.

Angalia Pompeii. Tarehe 6 Novemba 2010, asubuhi na mapema, jengo linaloitwa Schola Armaturarum liliporomoka. Lilikuwa limefukiwa na mlima Vesuvius mwaka wa 79, likapigwa bomu kwenye Vita vya Pili vya Dunia na kujengwa upya, kisha likaanguka lenyewe baada ya mvua kubwa. Hapo ndipo serikali iliposhtuka. Ukaja mradi wa yuro milioni 105, sehemu kubwa ikiwa pesa za Umoja wa Ulaya, na nyumba nyingi zikazungushiwa uzio. Watalii walinung'unika sana. Schola yenyewe ilifunguliwa tena Januari 2019.

Sasa, kufunga ni sawa. Kufunga na kunyamaza ndiko kunanikera. Nyumba ya akina Vettii, palepale Pompeii, ilikuwa imefungwa kwa muda mwingi wa takriban miaka 20. Mtoto aliyezaliwa ilipofungwa angekuwa yuko chuo (au ameacha, kama mimi) ilipofunguliwa Januari 2023. Na hiyo ni nyumba ya watu wawili wanaoaminika kuwa walikuwa watumwa, wakaachwa huru, wakaingia biashara na kutajirika mpaka kuta zote zikachorwa. Stori kama hiyo kijana wa Kayole angeielewa kuliko ya mfalme yeyote.

Mfano wa kufunga vizuri ni Domus Aurea, jumba la Nero jijini Roma, karibu na Colosseum. Nero alilijenga baada ya moto mkubwa wa mwaka wa 64. Alipokufa, waliomfuata walitaka asahaulike. Trajan akajaza vyumba udongo na kujenga mabafu ya umma juu yake. Karne nyingi baadaye, wachoraji akiwemo Raphael wakawa wanateremshwa humo kwa kamba kupitia mashimo, wakidhani ni mapango, wakitazama picha za darini kwa mwanga wa mienge.

Shida ya jumba hilo iko juu yake: bustani ya umma. Udongo ni mzito, mvua ikinyesha unazidi kuwa mzito, maji yanapenya na mizizi ya miti inachimba dari. Lilifunguliwa 1999, likafungwa 2005 kwa sababu ya unyevu, na Machi 2010 sehemu ya dari ikaanguka. Wangeweza kuweka kufuli na kwenda nyumbani. Badala yake, kuanzia Oktoba 2014 wakaanza kuingiza watu wikendi, kikundi kwa kikundi, kila mtu na kofia ya mjengo kichwani, mwongozaji akiwaeleza kazi inavyoendelea. Tangu 2017 kuna pia miwani ya kompyuta inayokuonyesha chumba kilivyokuwa kabla ya kufukiwa.

Hiyo kwangu ni poa kuliko gofu lililokamilika. Unaona ufa. Unaona fundi na brashi ndogo kama ya meno akisafisha sentimita moja ya ukuta, na unaelewa mbona kazi haiishi.

Hata pasipo na ziara, reli ya kuegemea inatosha. Largo Argentina, eneo ambalo Julius Caesar aliuawa mwaka wa 44 kabla ya Kristo, kwa miaka mingi watu walilitazama kutoka barabarani tu, bure, pamoja na paka wanaoishi humo. Juni 2023 likawekewa njia za kutembea ndani, kwa msaada wa pesa za Bulgari. Ndiyo, wauza vito. Colosseum nayo ilisafishwa kwa yuro milioni 25 za Tod's, watengenezaji viatu, na kuna Waitaliano waliopiga kelele kuwa kampuni inajinunulia sifa. Wana hoja. Ila mimi kama ni kiatu kinalipia ukuta usianguke, acha kilipe, mradi kibango cha uzioni kiseme nani analipa, kipi kimeharibika na lini mtamaliza.

Na wewe unayepanga safari, soma tovuti ya mahali penyewe kabla ya kununua tiketi ya ndege. Ziara za Domus Aurea huwa za mwisho wa wiki, kwa hivyo usitue Jumatatu ukaondoka Alhamisi. Beba jaketi pia. Huko chini kuna baridi hata Julai.